Narkolepsia Haitibiwi kwa Glukosi

Jamani, acheni kuwanywesha glukosi watu wenye narkolepsia, ugonjwa wa kuzidiwa na usingizi mchana. Sasa hata waliosoma wananiletea picha ya PET, yaani skani ya ubongo, yenye mabaka ya buluu: "Daktari, si unaona ubongo umeishiwa sukari?" La, sioni.

Chanzo cha narkolepsia aina ya kwanza nitakipitia haraka. Kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo, kuna seli chache zinazotoa oreksini, kemikali inayoufanya ubongo ubaki macho. Mwaka 2000, bongo za wagonjwa waliofariki zilipochunguzwa, seli hizo zilikuwa zimepungua kwa asilimia 85 hadi 95. Mshukiwa mkuu ni kinga ya mwili wenyewe. Uvivu na mapepo hayamo.

Tuje kwenye hizo picha. PET haipimi akiba ya sukari. Inaonyesha seli zinavuta glukosi kiasi gani. Penye buluu, seli zina kazi kidogo, basi zinavuta kidogo. Soko likikosa wateja, hata ukishusha malori mengine ya nyanya hutauza. Sukari kwenye damu ya mgonjwa huyu iko sawa.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Mgonjwa akishadungwa dawa ya PET, yaani glukosi yenye alama ya mionzi, hutulizwa nusu saa au zaidi kabla ya kupigwa picha, na picha hubeba yaliyotokea muda huo. Haya, mlaze mwenye narkolepsia kwenye chumba kimya chenye mwanga hafifu uone! Usingizi mzito peke yake hupunguza matumizi ya glukosi ubongoni kwa karibu asilimia 40, hata kwa mtu mzima wa afya. Usingizi wa ndoto huyarudisha karibu na ya aliye macho, na wagonjwa hawa wanaweza kuingia kwenye ndoto ndani ya dakika 15. Buluu ile ni ugonjwa au ni usingizi? Kama hakufungwa EEG, kipimo cha umeme wa ubongo kinachoonyesha kama mtu amelala, kichwani wakati ule, mimi sithubutu kujibu.

Ndiyo maana sishangai tafiti zikigongana. Wakorea, mwaka 2004, walikuta matumizi yamepungua kwenye haipothalamasi na jirani yake, thalamasi. Wafaransa, mwaka 2010, wakakuta yamezidi kwenye singuleti, sehemu nyingine ya ubongo, wagonjwa wakiwa macho. Nani yuko sahihi? Pengine wote, kila mmoja kwa hali aliyowapima nayo. Nina shaka hata na ile buluu ya haipothalamasi: seli za oreksini ni chache mno, na PET huona kwa milimita kadhaa. Nahisi tunaona maeneo yaliyokuwa yakiamshwa nazo, si pengo lenyewe.

Na hiyo glukosi? Kwenye majaribio ya panya, glukosi huzinyamazisha seli za oreksini. Yaani zile chache zilizosalia unaweza kuwa unazizima kwa kijiko. Tena wagonjwa hawa hunenepa upesi hata wasipokula kupita wenzao. Waacheni walale kidogo mchana, wanywe modafinili, dawa za kuwaweka macho, walizoandikiwa.