Nimetoka Zamu ya Usiku, Usingizi Hauji: Maswali ya Wahudumu wa Ndege na Marubani

Wanaofanya kazi kwenye ndege zinazotumia viwanja vya Kilimanjaro (KIA) na Kisongo, Arusha, huja kwangu hapa Moshi wakilalamikia tumbo, kichwa au presha. Tukikaa tukazungumza vizuri, mara nyingi kinachojitokeza ni usingizi. Haya ni maswali wanayoniuliza sana, na majibu ninayowapa.

Shikamoo dokta. Nikitoka kazini nalala saa tatu asubuhi, ikifika saa sita macho yamefunguka yenyewe. Mwili umechoka lakini silali tena. Nina ugonjwa?

Marahaba mwanangu. Huna ugonjwa. Ndani ya ubongo kuna kikundi kidogo cha seli kinachoendesha saa ya mwili, mzunguko wa takriban saa 24, na saa hiyo hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, ubongo huachia homoni iitwayo melatonini na joto la mwili huanza kushuka. Alfajiri, kwenye saa kumi hivi, mwili unakuwa umezama kabisa. Jua likichomoza, kila kitu kinapanda tena, na ndiyo saa wewe unapanda kitandani. Ndiyo maana usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi.

Usiulazimishe uwe mmoja. Lala hizo saa tatu au nne za asubuhi, amka ule, ufanye yako, kisha jioni kabla ya zamu ulale tena kwa muda wa saa mbili au tatu. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 ndani ya siku nzima, na vipande viwili vikijumlishwa vinasaidia sana.

Chumba kiweje? Nimepanga Majengo, kelele haziishi.

Anza na giza, maana hilo liko mikononi mwako. Pazia jepesi halitoshi. Dada mmoja mhudumu wa ndege alipigilia blanketi zito juu ya dirisha, akaviringisha khanga kuukuu akazibia chini ya mlango, kisha akanunua viziba masikio. Jogoo wa jirani bado anawika, bodaboda bado zinapita, lakini saa tatu zake za usingizi zikawa tano. Simu izimwe au ikae chumba kingine. Chandarua kishushwe hata mchana, ili jioni ukirudi kulala usisahau, maana mbu wa malaria huanza kazi giza likiingia.

Naweza kuendesha gari mwenyewe kurudi nyumbani?

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo ninapoogopa kuliko pengine pote. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, umakini wake hushuka kama wa mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Sasa hesabu. Umeamka saa mbili asubuhi, mchana hukulala, ukaingia kazini jioni. Ikifika saa saba usiku umeshatimiza hizo 17, na zamu bado inaendelea.

Kijana mmoja aliniambia alitoka KIA asubuhi akiendesha kuja Moshi. Akajikuta yupo Weruweru, na hakumbuki alipitaje Boma Ng'ombe. Hakumbuki matuta, hakumbuki watoto wa shule waliokuwa wakivuka. Alikuwa amelala kwa sekunde chache chache, macho yakiwa wazi. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde tatu ni zaidi ya mita 60 bila dereva.

Kufungua dirisha na kupandisha muziki hakumwamshi mtu. Kinachosaidia ni kulala. Kabla hujawasha gari, pumzika dakika 20 mahali salama, halafu jipe dakika 15 nyingine akili irudi. Bora zaidi, panda gari la kazini au mpigie ndugu aje akuchukue. Ukiwa abiria, vaa miwani ya jua ili mwanga wa asubuhi usiuambie ubongo kumekucha.

Kahawa je? Na bia moja ya kuleta usingizi?

Kahawa yetu ni nzuri, inywe mwanzoni mwa zamu. Baada ya saa tano au sita, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini, kwa hiyo anayetoka saa kumi na mbili asubuhi amalize kikombe cha mwisho mapema usiku. Bia, au mbege, itakulaza haraka lakini usingizi wake unakatikakatika.

Chakula cha usiku?

Kidogo na chepesi. Usiku wa manane mwili hushughulikia sukari vibaya kuliko mchana, na chipsi za saa nane usiku huleta kiungulia. Maji yawe mengi, kwani hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana.

Nimeze Piriton, ile dawa ya mzio, nilale?

Hapana. Inakuacha na uzito hadi saa unayotakiwa kuwa macho. Dawa yoyote ya usingizi, hata hizo za dukani, muulize kwanza daktari anayekupima afya ya urubani au ya kazi ya ndege. Na kama unakoroma huku pumzi ikikatika, njoo upimwe, hilo ni jambo jingine kabisa.

Mume wangu ni rubani wa ndege ndogo za Serengeti. Anaamka saa kumi alfajiri, anarudi mchana. Ndugu wanasema ni mvivu, analala saa nane mchana.

Mama, pole. Waambie amefanya kazi wao wakiwa wamelala. Usingizi wake wa mchana ni sehemu ya kazi, sawa na kukagua mafuta ya ndege. Kanuni za anga zenyewe zinaweka kikomo cha saa za kuruka na kiwango cha chini cha mapumziko, lakini mapumziko hayo anayalinda aliye nyumbani. Familia moja ya mtaa wa Shanty Town hapa Moshi hufunga khanga nyekundu kwenye kitasa cha chumba. Watoto wakiiona wanahamia uani, wageni wanapokelewa barazani, na shemeji aliyekuja kuomba gari anasubiri mpaka khanga ifunguliwe.