Kucha zinang'oka ukishuka mlima, sio ukipanda

Jamani tarehe 9 Disemba hiyo inakuja, watu wengi wa hapa nyumbani watapanda Kilimanjaro kusherehekea Uhuru na sisi tunaowapokea getini tunafurahi kweli. Ila miguu tunayoiona ikirudi inatuumiza, kucha nyeusi, visigino vimechubuka, na ukimuuliza mtu anakwambia buti lilikuwa saizi yake kabisa. Hapo ndo kosa lilipo.

Njia ya Machame unapanda siku nne au tano, halafu toka kileleni mita 5,895 mpaka geti la Mweka, kama mita 1,640, unashuka siku mbili tu, na kila hatua mguu unasogea mbele vidole vinagonga. Kwa hiyo buti linapimwa kwa kushuka. Nenda dukani jioni mguu ukiwa umeshavimba, vaa soksi ileile ya mlimani, legeza kamba, sukuma mguu mpaka vidole viguse mbele, hapo kidole kimoja cha mkono kiingie nyuma ya kisigino. Kisha kaza, tafuta ngazi, shuka. Vidole vikigusa liache hata kama bei ni poa. Kisigino kikinyanyuka liache pia. Kampuni gani msituulize, hatutangazi biashara ya mtu.

Na hii ya kuvaa soksi tatu sijui nani anawafundisha! Mguu ukibanwa damu haizunguki vizuri, na usiku wa kilele baridi inashuka chini ya sifuri. Soksi moja nzito ya sufu ndani ya buti lenye nafasi inatosha, pamba ikilowa jasho inakuletea malengelenge tu.

Mtumba sikatazi, pale Memorial Moshi unapata mabuti mazuri. Angalia soli, maana ngozi inaweza kung'aa kumbe soli ya kati imeshaoza kwa kukaa stoo miaka, siku ya pili inabomoka kama biskuti. Likunje, bonyeza pembeni na dole gumba, ukiona nyufa rudisha. Jipya nalo litembelee wiki kadhaa kwanza.

Mkija na mabuti msiyabebe kwenye mifuko ya plastiki, tumeshasema sana, imepigwa marufuku nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019, ukikutwa nayo faini inaanzia sh. 30,000 au kifungo kisichozidi siku 7 au vyote viwili, na hiyo ni kanuni ya nchi sio ya geti letu. Getini unajiandikisha kitabuni wewe mwenyewe, kila kambi unasaini tena, usisainiwe na rafiki tafadhali, maana mwenye malengelenge ndo anayebaki nyuma na kile kitabu ndo kinatuambia nani hajafika.

Kata kucha kabla ya safari. Mkirudi kambi ya Barafu toka kileleni, kabla ya kuteremkia Mweka, kaa chini ufunge kamba upya, kaza kwenye kifundo mguu usisogee, za vidoleni ziache zilegee kidogo.