Homoni "kukaa sawa" maana yake nini?

Juzi saluni nimeisikia tena: "Homoni zako zimevurugika, tafuta dawa ya kuziweka sawa." Dada aliyekuwa akiambiwa alikosa hedhi mwezi mmoja tu.

Homoni ni kemikali inayotolewa na seli, ikasafiri kwenye damu na kuziamuru seli nyingine zibadili kazi. Hilo wengi wanalijua. Kinachonikera ni hilo neno "sawa".

Nadhani jina lenyewe la homoni limechangia. Mwanafiziolojia Ernest Starling alilitumia hadharani mwaka 1905 huko London, akilitoa kwenye Kigiriki hormao, yaani nasukuma, nachochea. Miaka mitatu kabla, yeye na William Bayliss waligundua sekretini, homoni ya utumbo ambayo huichochea kongosho itoe majimaji yake, kwa hiyo jina lilikaa vizuri. Kiswahili nacho kikasema vichocheo. Basi tukabaki na picha ya vitu vinavyosukuma tu: vikizidi punguza, vikipungua ongeza, kama sukari kwenye chai.

Ovari haziendi hivyo. Folikoli, kifuko kinacholea yai, ina seli za namna mbili zinazotegemeana. Seli za nje, theka, hupokea amri ya LH, homoni itokayo tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na kutengeneza androjeni, hizo tunazoziita homoni za kiume. Seli za ndani, granulosa, kwa amri ya FSH, homoni nyingine ya pituitari, huzichukua androjeni hizo na kuzigeuza kuwa estrojeni. Kwa hiyo homoni ya kiume si mgeni mwilini mwa mwanamke. Ndiyo malighafi ya ile ya kike.

Granulosa hutoa pia homoni iitwayo inhibini, na jina hilo ni la Kilatini, inhibere, kuzuia. Ikifika pituitari hupunguza FSH. Lakini humo humo ndani ya folikoli huwahimiza theka waongeze androjeni! Activini, homoni nyingine iliyojengwa kwa kipande kile kile cha inhibini, hufanya kinyume chake kotekote. Estrojeni nayo huizuia pituitari kwa siku nyingi, kisha ikibaki juu kwa takriban siku mbili hugeuka na kuisukuma imwage LH, na saa 36 hivi baadaye yai hutoka. Molekuli ni ile ile, amri zimepinduka. Mwili ulio mzima kabisa hupandisha na kushusha homoni zake namna hiyo kila mwezi.

Hitilafu za kweli zipo. Mwenye ovari zenye vifuko vingi, mara nyingi theka zake hutoa androjeni kupita kiasi, na hapo daktari ana kitu mahsusi cha kukitaja. Kwa hiyo, dada yangu, ukiambiwa zimevurugika, uliza kwa upole: ipi, na ilipimwa siku ya ngapi? FSH hupimwa siku ya 2 hadi ya 5 tangu hedhi ianze. Projesteroni, homoni ya ovari inayopanda baada ya yai kutoka, hupimwa wiki moja hivi kabla ya hedhi inayofuata.