Mtoto yuko probesheni na bado anatumia: msimfiche, tuambieni

Malalamiko yanayoletwa ofisini kwetu, ofisi ya maafisa wa probesheni, siku hizi yamezidi na ukiyasikiliza vizuri ni ya aina mbili. Kuna wazazi wanaosema tunawaonea watoto wao, kila wiki kuripoti, kila mara kupimwa mkojo, mtoto hana amani. Alafu kuna wale wanaokuja kuomba tumfunge tu huyu kijana apate akili maana wao wamechoka, na mara nyingine ni wale wale wa kwanza, miezi imepita tu. Kwa kuwa kampeni ya sasa inahusu vijana na madawa ya kulevya nimeombwa nieleze kidogo kazi hii inavokwenda. Maelezo ni ya jumla, kila nchi ina sheria yake, na hayachukui nafasi ya wakili wala daktari wa mtoto wako.

Probesheni ni amri ya mahakama, sio msamaha. Hakimu ameshaona kosa lipo, ila badala ya kumpeleka kijana kizuizini amemwacha nyumbani chini ya uangalizi kwa muda uliotajwa kwenye amri. Masharti yameandikwa, yamesomwa mbele yenu, na mara nyingi na mzazi ameweka saini: aripoti siku na saa aliyopangiwa, akihama atoe taarifa kabla (kabla, sio baada ya kuhama), aende shule au mafunzo, asirudie kosa, asitumie kilevi, apimwe anapoitwa, ahudhurie tiba au ushauri nasaha. Nakala mnapewa. Naomba muisome jamani, mtu anakuja kunigombeza kwa sharti ambalo saini yake iko chini yake.

Sasa kinachotuumiza zaidi ni kuficha. Mzazi anapiga simu, mtoto hawezi kuja kuripoti, ana homa. Siku ya pili bado homa. Tukienda nyumbani tunamkuta kijana amejikunja kitandani, kamasi zinatiririka, anapiga miayo mfululizo, ngozi imesisimka kama kuku aliyenyonyolewa, tumbo linamkata na anaharisha. Hiyo ni arosto ya unga, yaani mwili unadai heroini aliyoizoea. Inaanza saa 8 mpaka 24 tangu alipotumia mara ya mwisho, inaendelea siku 4 mpaka 10 hivi, na ndani ya siku hizo ndo kijana anatoroka nyumbani au anaiba simu ya dada yake apate kete moja ya kumtuliza. Mama anajua, nyumba nzima inajua, ila wamekubaliana wasiseme kwa sababu wanaamini afisa akijua tu kesho mtoto yuko ndani.

Haiendi hivo. Kipimo kikionyesha ametumia, kwanza tunamuuliza yeye. Akikubali tunaandika. Akikataa, sampuli inapelekwa maabara kwa kipimo cha uhakika, maana kile cha haraka cha ofisini kinaweza kukosea, na kuna dawa za kikohozi zenye kodeini zinazoleta majibu ya afyuni (jamii moja na unga) kweli kweli, ndo maana tunawaambia dawa yoyote mtoto anayokunywa mje na boksi lake. Baada ya hapo tunakaa kikao, mtoto, mlezi, kaunsela na afisa, tunaangalia mpango wake wa tiba umekwama wapi. Anaweza kuongezewa siku za kuripoti, akapewa saa ya kuwa ndani jioni, akahamishiwa tiba nzito zaidi. Anaweza kupewa onyo la maandishi likaingia kwenye faili. Ikiwa anarudia na anakataa tiba, au amepotea haripoti, hapo afisa anaandika ripoti ya kukiuka masharti kwenda mahakamani, mtoto anaitwa kwa samansi (hati ya wito), asipotokea inatolewa hati ya kumkamata. Mbele ya hakimu ana haki ya kusikilizwa na ya kuwa na wakili. Hakimu anaweza kuacha amri iendelee, kuongeza masharti, kurefusha muda, au kuifuta amri na kumpa adhabu ya lile kosa la mwanzo, na hapa watu wengi hawaelewi, adhabu inayorudi ni ya kosa la kwanza lililomleta kwetu, kwa hiyo kama lilikuwa wizi ni wizi, haijalishi kwamba kilichomrudisha ni msokoto wa bangi.

Kuteleza mara moja na kukataa tiba havifanani hata kidogo kwenye ripoti zetu. Mtoto aliyekuja mwenyewe akasema jana nimevuta, ripoti yake inasomeka tofauti kabisa na ya aliyekamatwa na chupa ya mkojo wa mdogo wake.

Na kwenye mkojo naomba tusipotezeane muda. Kikombe kina kipimajoto pembeni, tunakisoma ndani ya dakika 4, mkojo uliotoka mwilini hivi punde unakuwa kati ya nyuzi 32 na 38. Ule wa chupani unaonekana. Ukinywa maji lita nzima asubuhi tunaona umezimuliwa, inabidi urudie. Siki, ndimu, jiki, vyote tumeshaviona na kuchezea sampuli kunahesabika kukiuka masharti, kwengine ni kosa jipya kabisa. Kitu ambacho wazazi hawajui ni muda: unga na kokeni kwa kawaida vinakaa kwenye mkojo siku mbili tatu hivi, bangi kwa aliyejaribu mara moja ni siku chache lakini kwa anayevuta kila siku inaweza kuonekana mpaka wiki nne na zaidi. Kwa hiyo kijana aliyeacha kweli anaweza kupimwa wiki ya pili bado anaonyesha bangi, hilo tunalijua, tunaangalia kama kiwango kinashuka, hakuna haja ya kudanganya.

Kuhusu hili la "mfungeni apate akili" naomba nilisemee kwa kirefu kidogo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 37, unasema kumfungia mtoto iwe njia ya mwisho kabisa na kwa muda mfupi unaofaa. Hilo hatulitekelezi kwa huruma tu. Marekani miaka ya 1970 gereza la Rahway huko New Jersey lilianza kupokea vijana waje watishwe na wafungwa wa muda mrefu, waone maisha ya ndani waogope, na programu ikaigwa sehemu nyingi. Tafiti zilipokuja kulinganisha, waliopelekwa kutishwa walirudia makosa zaidi kuliko ambao hawakupelekwa. Zaidi! Ubongo wa kijana sehemu inayozuia pupa na kupima matokeo inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, ukimtisha leo anaogopa leo, kesho kutwa yuko maskani na wenzake. Na huko ndani anakutana na kina nani? Probesheni yenyewe ilianza na mlevi. Boston mwaka 1841, fundi viatu anaitwa John Augustus alimdhamini mlevi mmoja mahakamani asipelekwe kifungoni, akakaa nae wiki tatu, akamrudisha akiwa timamu, hakimu akamtoza faini ya senti moja na gharama za kesi. Kumsaidia mtu aache kilevi ndo kazi hii ilipotokea.

Tiba inayofanya kazi kwa vijana mara nyingi ni ile inayoingiza familia, kwa hiyo mzazi unayemshusha mtoto getini kwa kaunsela ukaondoka, nusu ya dawa umeondoka nayo. Pia kuwatuza inasaidia, kipimo safi kinapewa kitu, aongezewe muda wa kutoka, arudishiwe simu, hata kama unaona ni kumlipa mtoto kwa wajibu wake. Na masaa ya kati ya shule na usiku yajazwe, mazoezi, fundi wa kumfundisha kazi, maana kumwambia aachane na marafiki bila kumpa pa kwenda ni maneno matupu. Wengine chini ya unga kuna jambo jingine, kipigo, kubakwa, msiba ambao hakuna aliyezungumza nae. Anachomwambia kaunsela kwa kawaida hakiletwi kwetu, sisi tunapewa mahudhurio na maendeleo, isipokuwa kuna hatari ya maisha.

La mwisho ni la uhai, tafadhali msilipuuze. Kijana akikaa wiki kadhaa bila unga mwili unasahau dozi, akirudi na dozi yake ya zamani anaweza kufa hapo hapo. Ukimkuta haamki, anakoroma vibaya au anapumua kwa shida, midomo imebadilika rangi, piga simu ya dharura kwanza, mlaze kwa ubavu, kama kuna naloksoni (dawa ya kuondoa nguvu ya unga mwilini) mpe. Kesi baadae. Na kama anatumia vidonge vya kulala kama valiamu au pombe kila siku msimkatie ghafla nyumbani, anaweza kupata degedege, hiyo ni kazi ya hospitali. Kumfunga kamba chumbani mpaka arosto ipite pia hapana, tumeshaletewa watoto wenye vidonda vya kamba, na anayefanya hivo anaweza kushtakiwa yeye.

Mkija ofisini njooni na karatasi ya amri, maboksi ya dawa zote, namba ya mwalimu wake, na mtoto mwenyewe hata kama ametumia asubuhi hiyo hiyo. Akigoma, njoo wewe peke yako siku yake ya kuripoti, usisubiri ipite, afisa wake ataandika kwamba umetoa taarifa na tutamfuata nyumbani.