Diploma ya shule mbadala ni halali
Ujumbe unaozunguka katika makundi ya wazazi Waswahili walioko Marekani hudai kwamba shule ndogo mbadala za sekondari (continuation high schools) ni za wahalifu na diploma zake, yaani vyeti vya kuhitimu sekondari, hazitambuliki. Si kweli. Kule California, kwa mfano, shule hizo ni za umma, hazitozi ada, huwapokea hasa vijana wa miaka 16 na zaidi waliopungukiwa na krediti (alama za masomo yaliyokamilishwa zinazohitajika ili kuhitimu), na hutoa diploma ya kawaida. Watu huzichanganya na shule za wanafunzi waliofukuzwa. Kasoro halisi ni kwamba nyingi hazifundishi masomo yote yanayotakiwa na vyuo vikuu vya umma. Tafadhali msiusambaze ujumbe huo. Angalieni orodha ya shule za umma ya jimbo, kisha mwulizeni mshauri wa masomo.