Dhana potofu kuhusu klachi na PTO ya trekta

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba dereva akikanyaga klachi, magurudumu na mashine ya nyuma, inayoendeshwa na PTO (shafti inayotoa nguvu ya injini nyuma ya trekta), husimama pamoja. Ukweli ni kwamba inategemea mfumo wa trekta lenyewe. Katika mfumo wa zamani, kama ule wa Ferguson TE20, trekta lililoanza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946, PTO na magurudumu hutumia klachi moja. Ukiikanyaga, injini inaachana na giaboksi, lakini PTO na magurudumu bado vimeungana ndani ya giaboksi hiyo. Ndiyo maana anayefyeka nyasi kwa mashine yenye visu vizito anaweza kukanyaga klachi mbele ya uzio na trekta likaendelea kusonga, kwa kuwa visu vinavyozunguka kwa kasi vinarudisha nguvu kupitia shafti na kuyasukuma magurudumu. Dawa yake ni kufunga kwenye shafti kiungo kinachopitisha nguvu upande mmoja tu, kama gurudumu la nyuma la baiskeli linavyoendelea kuzunguka mwendeshaji akiacha kupiga pedali.

Wengine husema kukanyaga klachi nusu ni kuiunguza. Kwa klachi ya hatua mbili, iliyomo katika matrekta mengi ya Massey Ferguson 135, sivyo: nusu ya kwanza ya pedali husimamisha magurudumu, na ukifika chini kabisa PTO nayo husimama. Dereva anayefunga robota za nyasi husimama hapo katikati, mashine ikameza lundo lililozidi, kisha akaendelea. Kinachoiunguza ni mguu unaoegemea pedali wakati wa kazi.

PTO inayojitegemea ina klachi yake yenyewe, aghalabu sahani kadhaa ndani ya mafuta zinazobanwa kwa haidroli, na huunganishwa kwa mkono au swichi. Si kweli kwamba kwa sababu hiyo inaweza kuunganishwa injini ikiwa katika kasi kubwa; mashine nzito iliyosimama ikilazimishwa ghafla kufikia mizunguko 540 kwa dakika, sahani huungua au bolti ya usalama hukatika. Unganisha injini ikiwa katika kasi ndogo, halafu ongeza kasi taratibu.

Wala PTO ya mizunguko 1000 kwa dakika haiongezi nguvu kuliko ile ya 540, kwani injini ni ile ile.

Dhana ya hatari zaidi ni kwamba PTO ikishatenganishwa, shafti haina madhara. Klachi ya mafuta, hasa mafuta yakiwa baridi na mazito, inaweza kuendelea kuiburuza shafti polepole, kwa hiyo injini izimwe kabla mtu hajaisogelea. Kwa mizunguko 540, shafti huzunguka mara 9 kila sekunde, na ile yenye kipenyo cha milimita 35 huviringa takribani mita moja ya kitambaa kwa muda huo, kabla aliyevaa kanga au koti hajawahi kujinasua.