Mgombea binafsi: alichopigania Mchungaji Mtikila na sheria ilipo leo

Je, Mtanzania anaweza kugombea ubunge bila chama? Hawezi. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho. Kwa urais ni Ibara ya 39. Aliyehangaika na masharti haya miaka mingi ni Mchungaji Christopher Mtikila, mwenyekiti wa Democratic Party (DP), aliyefariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015.

Kikwazo chake cha kwanza kilikuwa usajili. Wakati huo chama kilipata usajili wa kudumu kikionesha wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake ikiwa ya Zanzibar: mmoja Unguja, mwingine Pemba. Mtikila alikuwa akidai Tanganyika irudi, na sharti la Zanzibar hakulikubali. DP ikasajiliwa 2002, chaguzi za 1995 na 2000 zikiwa zimeshapita.

Huku nyuma alikuwa mahakamani. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, alikubali kuwa mgombea binafsi ni haki. Mwaka huohuo Bunge likarekebisha Katiba na kuuzima uamuzi huo. Mtikila akafungua shauri jipya, akashinda tena 2006. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo, ikisema suala ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikampa haki. Lakini hukumu haifuti ibara. Katiba hubadilishwa na Bunge, kwa theluthi mbili, na Bunge halijafanya hivyo.

Mwaka 2005 aligombea urais, akapata asilimia 0.27. Hata hivyo mgombea mwenza wake, Jumbe Rajab Jumbe, alipofariki siku chache kabla ya kura ya 30 Oktoba, uchaguzi wa Muungano ulisogezwa hadi 14 Desemba. Mbele ya sheria, mgombea wa chama kidogo ni mgombea kamili.

Anayetaka ubunge, basi, anaanzia chamani. Akipendekezwa, achukue fomu kwa msimamizi wa uchaguzi, apate wadhamini 25 waliojiandikisha kupiga kura jimboni humo, aape mbele ya hakimu, alipe dhamana ya shilingi 50,000, na arudishe fomu kabla ya saa 10:00 jioni siku ya uteuzi. Vyama vidogo huumia hapa: namba ya kadi ya mpiga kura ya mdhamini imekosewa tarakimu moja, au mdhamini ameshamdhamini mgombea mwingine, na pingamizi linawekwa. Namba ziandikwe kadi ikiwa mkononi, zisisomwe kwa simu, na fomu irudishwe asubuhi ili kosa likionekana muda wa kulirekebisha uwepo.